Mafuriko ya Ruvuma: Ukuta wa mkulima hujengwa msimu wa korosho

Na Mwandishi Maalumu, Newala

UKISIMAMA Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa mji wa Newala, unaliona bonde la Mto Ruvuma limetandazwa chini yako hadi Msumbiji. Wakati wa kiangazi mto huonekana kama mkanda wa mchanga wenye mikondo michache ya maji katikati. Ukirudi mahali hapo hapo mwezi Machi, katika mwaka wa mvua nyingi, mchanga huuoni tena. Maji yameenea, na mashamba ya mpunga yaliyokuwa ya kijani wiki mbili zilizopita yamekuwa sehemu ya mto.

Huko chini hakuna ukuta wa kuzuia maji. Kwa hiyo kila mto unapofurika, swali ni lile lile: kwa nini Serikali isijenge tuta, watu wakalima kwa amani?

Swali hilo ni halali na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Makala hii inaangalia ni ukuta wa aina gani unaomfaa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Masasi na Newala, unagharimu kiasi gani na unapaswa kujengwa lini. Jibu litawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa sababu ukuta huo haujengwi mtoni wala haujengwi wakati wa mafuriko.

Makazi ya juu, mashamba ya chini

Wamakonde wana simulizi ya asili yao ambayo wazee wengi wanaifahamu. Mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake porini, alichonga kinyago cha mti, na asubuhi kikageuka kuwa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto akafa. Walihama, wakazaa tena bondeni, na huyo naye akafa. Walipopanda kwenye uwanda wa juu, mtoto wa tatu aliishi. Tangu hapo wahenga wakausia kwamba watu wajenge juu na wakae mbali na maji makubwa.

Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliiandika simulizi hiyo. Alishangaa kuona watu wakiishi juu ya uwanda usio na mto, huku kinamama wakitembea mbali kufuata maji. Sababu hazikuwa za simulizi peke yake. Karne ya 19 ilikuwa na vita na uvamizi mwingi kusini, na kichaka kizito cha uwanda wa Makonde kilikuwa maficho mazuri. Isitoshe, mabonde yalikuwa na malaria.

Uamuzi huo wa kuishi juu ulikuwa na gharama, na gharama yenyewe ni maji. Udongo wa kichanga wa uwandani hunywa mvua yote, visima vifupi havipati kitu, na ndiyo maana maji ya Newala na Tandahimba hupandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari. Masasi nayo, pamoja na Nachingwea, hupata maji kutoka chanzo cha Mbwinji. Kila ndoo inayofika juu imetumia umeme na fedha.

Udongo huo huo wa kichanga ndio unaoupenda mkorosho, mti usiovumilia mizizi yake kukaa ndani ya maji. Kwa upande mwingine, mpunga hauwezi kustawi huko juu. Hivyo familia nyingi zimegawa maisha yao mara mbili: nyumba, mikorosho na muhogo juu, mpunga, mahindi na mboga za kiangazi chini Ruvuma. Hali ni hiyo hiyo kwa wakulima wengi wa kusini mwa Masasi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Ilipofika Desemba alishuka bondeni na watoto, akajenga dungu la kulindia ndege na nguruwe, akarudi juu siku za misiba na ngoma tu. Lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata mara moja: mbegu hazikulala bondeni zote. Alizopanda zilishuka naye, na zilizobaki zilikaa darini, juu ya moshi wa jiko lake la Newala. Tulipokuwa wadogo tuliona ni ukaidi wa mzee. Nilipokuja kusoma uchumi wa kilimo chuoni ndipo nilipotambua kwamba yale yalikuwa ni bima.

Mvua ya mbali, maji ya hapa

Jambo la kwanza ambalo mkulima anapaswa kulielewa ni kwamba Ruvuma haitazami mawingu ya Newala. Mto huu unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unapita mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, na njiani unapokea maji ya Mto Lugenda, unaotoka ndani kabisa ya Msumbiji. Lugenda huungana na Ruvuma si mbali na Daraja la Umoja la Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, lile lililofunguliwa mwaka 2010. Hapo ni juu ya Newala kwa mkondo wa maji.

Maana yake ni kwamba mvua kubwa ikinyesha Songea au katika jimbo la Niassa, mkulima wa bondeni anaweza kuamka akikuta mto umepanda ilhali kwake kulikuwa na jua wiki nzima. Anayesubiri kuona mawingu ndipo ahamishe mahindi yake, amechelewa.

Jambo la pili ni kwamba maji hayo hayo ndiyo yanayoleta tope. Shamba la bondeni huzaa mwaka hadi mwaka bila mbolea ya dukani kwa sababu mto huliletea rutuba. Wakulima wa Rufiji wanalifahamu jambo hili vizuri, na wana kilimo chao kiitwacho mlau: maji yanapoondoka, wanapanda mahindi na mboga kwenye unyevu uliobaki. Mafuriko yanaua zao moja na kuandaa udongo wa zao linalofuata. Anayefaidi zao hilo la pili ni yule tu aliyebaki na mbegu.

Miaka ya maji

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara kuna miaka ambayo watu huitaja kwa maji yake. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Mwaka 1990 mvua kubwa zilileta mafuriko katika mikoa yote miwili. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, baada ya siku ambazo Mtwara nzima ilikuwa ikikisubiri. Januari 2020 mafuriko yaliua watu katika mkoa wa Lindi na kuwaacha maelfu bila makazi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Hilo la mwisho liligusa hata wasiokuwa na shamba bondeni. Wakati barabara imekatika, lori la sukari, mafuta ya kula au simenti lililokuwa likija Masasi linalala njiani. Mwenye duka dogo ambaye huagiza mzigo wa wiki moja kwa wakati mmoja hubaki na rafu tupu, au hununua kwa jirani kwa bei ya kulanguliwa. Mafuriko ya Kilwa yakawa hasara ya Masasi bila tone moja kuingia dukani.

Somo la Kilosa

Sasa turudi kwenye swali la ukuta. Tanzania ina mji ambao umeishi na ukuta wa namna hiyo kwa miaka mingi, nao ni Kilosa, mkoani Morogoro. Mji huo uko kando ya Mto Mkondoa, na tangu enzi za ukoloni ulilindwa na tuta la udongo lililojengwa kandokando ya mto. Vizazi viwili vitatu vilizaliwa nyuma ya tuta hilo. Watu walijenga, wakapanga vyumba, wakafungua maduka, kwa imani kwamba mto umefungwa.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mto ulilivunja tuta. Mafuriko hayo, yaliyoendelea hadi Januari 2010, yaliwaacha maelfu ya watu bila nyumba, wakaishi kwenye mahema, na Reli ya Kati ikaharibika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe kiasi cha kusimamisha treni.

Somo la Kilosa halisemi kwamba tuta ni kitu kibaya. Mji wenye hospitali, reli na maelfu ya watu unahitaji kinga. Somo ni kwamba tuta ni kama shamba: lisipopaliliwa kila mwaka, linakufa. Mifugo ikilikanyaga, watu wakililima kandokando, panya wakilichimba na mto ukijaza mchanga sakafuni mwake, kinga inapungua huku imani ya watu ikibaki pale pale. Watu walio nyuma ya tuta bovu wako katika hatari kubwa kuliko wasio na tuta kabisa, kwa sababu wasio na tuta hulala wakiusikiliza mto.

Tufanye hesabu kwa upande wa Ruvuma. Tuta la udongo lenye kimo cha mita 2, upana wa mita 2 juu na mita 10 chini, linahitaji meta za ujazo 12,000 za udongo kwa kila kilomita moja. Kwa tipa la meta za ujazo 10, hizo ni safari 1,200. Bonde lina kilomita nyingi, na mto wa mchanga kama Ruvuma huhamahama: mkondo ulioko kushoto mwaka huu unaweza kuwa kulia mwaka kesho. Aidha, mto huu ni mpaka wa nchi mbili. Ukijenga ukuta upande mmoja, unayasukuma maji upande wa pili, kwa hiyo hakuna tuta la maana bila makubaliano na Msumbiji. Na hata likijengwa, lingelizuia lile tope linalolisha mashamba.

Kwa hesabu hiyo, mkulima anayesubiri ukuta wa Ruvuma atasubiri sana. Lakini hilo halina maana kwamba hana la kufanya.

Maji ya Machi, deni la Novemba

Hasara kubwa ya mafuriko haiishii kwenye mpunga uliosombwa. Inakuja baadaye, na wengi hawaiandiki.

Tazama kalenda ya mkulima wetu. Fedha za korosho huanza kuingia kati ya Oktoba na Desemba. Kufikia Februari nyingi zimekwisha: ada na sare za shule, mabati, madeni ya salfa, harusi. Februari na Machi ndiyo miezi ya njaa, chakula cha mwaka jana kimepungua na kipya hakijakomaa. Mto hufurika wakati huo huo. Mpunga ukienda, mkulima hana chakula wala fedha, na minada ya korosho iko mbali kwa miezi saba.

Hapo ndipo anapotokea mnunuzi wa kangomba. Anatoa fedha au unga leo, naye atalipwa korosho zikidondoka, kwa bei anayoipanga yeye na kwa kipimo chake. Tuchukue mfano. Familia inahitaji magunia 3 ya mahindi, na bei ya Machi tuseme ni Sh100,000 kwa gunia, jumla Sh300,000. Mnunuzi anakubali kutoa fedha hizo kwa ahadi ya korosho kwa Sh1,000 kwa kilo. Mkulima ameshauza kilo 300 kabla hata mti haujachanua.

Novemba inafika, na tuseme bei inayomfikia mkulima baada ya mnada na makato ni Sh2,500. Kilo zile 300 zingempa Sh750,000. Amelipa Sh750,000 kwa mahindi ya Sh300,000. Mto ulichukua mpunga wa ekari moja. Kangomba imechukua Sh450,000 nyingine. Na kwa kuwa mapato yake ya Novemba yamepungua, hataweza kununua salfa ya kutosha msimu unaofuata, ubwiri utamvamia, na mavuno yatashuka tena. Mafuriko ya wiki mbili yanaweza kumrudisha mtu nyuma kwa misimu mitatu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, ulikusudiwa pamoja na mengine kumwondoa mkulima mikononi mwa wanunuzi wa aina hiyo. Umesaidia katika bei. Lakini mfumo huo unalinda korosho iliyofika ghalani. Hauwezi kuilinda korosho iliyouzwa ikiwa bado mtini, na njaa ya Machi ndiyo inayoiuza.

Kujenga ukuta wenyewe

Ukuta wa mkulima wa Masasi na Newala, basi, ni akiba iliyowekwa juu kabla maji hayajaja. Tukiendelea na mfano wetu, magunia yale yale 3 yakinunuliwa Novemba kwa Sh80,000 kila moja ni Sh240,000. Mafuriko yakija, mkulima ameokoa Sh510,000, yaani tofauti kati ya fedha hizo na korosho ambazo angezitoa kwa kangomba. Mafuriko yasipokuja, mahindi yanaliwa au yanauzwa Machi kwa bei ya juu. Ukuta huu haupotezi fedha hata mwaka ambao hauhitajiki. Yafuatayo ni mambo ya kuzingatia:

Mosi, tenga chakula cha miezi mitatu siku ile ile fedha za korosho zinapoingia, kabla ya mabati na kabla ya pikipiki. Si lazima yawe mahindi. Makopa ya muhogo na mtama ni chakula kinachojulikana hapa na hugharimu kidogo. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu dumuzi hula akiba kama mto ulavyo shamba.

Pili, usishushe mbegu zote bondeni. Theluthi moja ibaki nyumbani. Mafuriko yakisomba shamba Machi, mbegu za mahindi, kunde, choroko na mboga zinapandwa mara maji yanapoondoka, juu ya tope jipya. Mara nyingi mkulima hana la kupanda wakati udongo uko tayari, na hiyo ni hasara ya pili isiyo ya lazima.

Tatu, gawa mashamba kwa kimo. Anayelima ekari mbili zote sehemu ya chini kabisa ameweka mayai yote ndani ya kapu moja lililoko mtoni. Ekari moja chini na nyingine kwenye kiinuko hupunguza mavuno kidogo mwaka mzuri, lakini mwaka mbaya huacha kitu jikoni. Mbegu za mpunga zinazokomaa mapema nazo husaidia, maana kila wiki iliyopunguzwa ni wiki moja ya hatari iliyoondolewa.

Nne, sikiliza utabiri wa msimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za Novemba hadi Aprili kwa mikoa yetu kabla msimu haujaanza. Usiishie kusikiliza Mtwara. Sikiliza pia Ruvuma, kwa kuwa maji ya Songea yatapita kwako. Simu ya mkononi imerahisisha mambo: vijiji vya Nanyumbu vinaweza kuwajulisha wenzao wa Masasi na Newala mto unapopanda. Gharama ya simu moja ni ndogo kuliko ya gunia moja.

Tano, vyama vya msingi vifikirie mfuko wa chakula. Iwapo wanachama wakikubaliana kukatwa kiasi kidogo kwa kila kilo ya korosho, chama kinaweza kununua nafaka Novemba na kuwakopesha wanachama Machi kwa riba ndogo. Hata hivyo, mfuko wa namna hiyo unahitaji daftari lililo wazi na ukaguzi wa wanachama wenyewe. Bila hayo utakuwa makato mengine tu katika orodha ambayo wakulima tayari wanailalamikia.

Mjini nako kuna maji

Wakazi wa mijini wasidhani habari hii ni ya watu wa bondeni. Mji wa Masasi umezungukwa na milima ya mawe, na jiwe halinywi maji. Mvua ikipiga, maji yote hushuka mitaani kwa pamoja. Newala, iliyo ukingoni mwa mteremko, ina tatizo lingine: maji ya mabati na barabara yakikusanyika bila mfereji, huchimba udongo wa kichanga na kufungua korongo, na korongo likishafunguka hupanda kuelekea kwenye nyumba kila mvua.

Ukuta wa mjini ni mtaro uliozibuliwa Oktoba, majani na miti iliyoachwa kwenye kingo, na pipa au tangi la kuvunia maji ya bati. Mahali ambapo ndoo ya maji hupandishwa kwa umeme, kuyaacha maji ya bati yakachimbe korongo ni hasara mara mbili. Mwenye duka naye aweke mzigo wake juu ya chaga badala ya sakafuni, na kabla ya Februari aongeze akiba ya bidhaa zisizooza, kwa kuwa barabara ya kusini imeshatuonyesha inavyoweza kukatika.

Hitimisho

Wahenga waliosema watu wajenge juu hawakukataza kulima chini. Waliona mto unatoa na mto unachukua, wakaamua kile ambacho mto usiruhusiwe kukigusa: watoto, nyumba na mbegu. Sisi tumeongeza kitu cha nne, nacho ni korosho ya Novemba, ambayo mto huifikia kwa njia ya njaa na kangomba.

Serikali na halmashauri zina wajibu wao katika mitaro, barabara na taarifa za mto, na wananchi wana haki ya kuudai. Lakini gunia la akiba halihitaji bajeti ya halmashauri. Linahitaji uamuzi wa kaya siku moja ya Novemba, wakati fedha ziko mkononi, jua linawaka na Ruvuma, ukiitazama kutoka Shimo la Mungu, ni mkanda wa mchanga tu.